Kabla ya Kumwogesha

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo majumbani kwetu husemwa kwa kunong'ona: mtu akibakwa, au mtoto akinajisiwa, afanyiwe nini zile saa za kwanza. Najua wapo wanaoona haya si maneno ya Ramadhani. Lakini uovu huu hauna likizo.

Hebu tuanze na Sura Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipozuliwa, jamaa mmoja wa yule mwanamke alisema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma, mkweli ni Yusuf. Ikatazamwa, ikawa imechanwa nyuma. Wapo wanaokichukua kisa hiki kusema kuwa wanawake ni waongo. Sivyo, akhi. Kinachotufaa hapa ni kwamba nguo ilitazamwa kabla mtu hajahukumiwa. Sisi je? Sisi nguo hiyo tunaifua!

Na si kwa ubaya. Binti anaingia nyumbani analia, anajihisi ana najisi, anataka kuoga. Mama kwa uchungu anamtilia maji. Maji yale ndiyo yanayoondoa manii, damu na nywele ambazo daktari angezichukua na maabara ya serikali ikazilinganisha kwa DNA na za mshukiwa. Josho litangoja saa chache. Aliyelazimishwa hana dhambi hata chembe.

Basi asioge, asibadilishe nguo. Akiwa ameshabadilisha, kila nguo itiwe peke yake katika mfuko wa kaki. Usitumie juala (majuala yalipigwa marufuku 2017, lakini majumbani hayakosekani), kwa sababu unyevu hubaki ndani, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika.

Kisha hospitali, moja kwa moja. Usingoje polisi wala karatasi ya P3 ndipo atibiwe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, matibabu yake katika hospitali ya umma ni bure. Hapa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha shughuli hiyo. Daktari atajaza fomu inayoitwa PRC: amesema nini, ana majeraha wapi, ni vipimo gani vilivyochukuliwa. Stesheni mtapewa P3, nayo pia ni bure, irudishwe kwa daktari aijaze. Muulize namba ya OB na uiandike mahala.

Ana haki ya kuwa na mtu wake ndani ya chumba, kuomba apimwe na mwanamke, na kukataa sehemu yoyote ya upimaji. Na kwa wanaouliza kuhusu uchi: kumfunulia tabibu kwa dharura kunaruhusiwa.

Sasa sikiliza hesabu hii. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha zimezwe siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ina mwisho wa saa 120. Mtu akifanyiwa unyama huu Ijumaa usiku na mkasema “tungoje wikendi ipite”, hizo saa 72 zinakwisha Jumatatu usiku. Kama amefunga, asingoje magharibi kwa tembe ya kwanza. Ni mgonjwa huyo, atalipa siku nyengine. Zinazofuata amuulize daktari kama zaweza kupangwa na daku.

Jambo jengine. Daktari akiandika kuwa hakuona jeraha, msimgeuzie binti macho. Wengi hawapati jeraha lolote, na hakuna kipimo cha bikira kinachoaminika. Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji huo ukomeshwe, mwaka 2018. Mahakama ya Rufani ilisema Mombasa mwaka 2006 kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuiangushi kesi. Hakimu anaweza kuhukumu kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, akiridhika ni kweli na akiandika sababu zake. Kwa hiyo hata aliyekwisha kuoga, hata zikipita siku, mpelekeni tu.

Haya, na wazee wa maslaha. Wallahi hapa ndipo panaponiuma. Kikao kinakaliwa, zinatolewa pesa, mtoto anaambiwa asitaje mtu kwa kuwa mtendaji ni ami yake, au ustadhi, au jirani mwenye jina. Pengine huyo mtoto ni wa kiume, na ndiyo kabisa linazikwa. Kesi hii si ya Kadhi. Mahakama yake inaangalia ndoa, talaka na mirathi. Wala si ya wazee kuifuta. Ni ya serikali, na sheria inamwachia Mkurugenzi wa Mashtaka kuamua kama itasimamishwa. Wanaosuluhisha barazani siku ya tatu, saa zile 72 wamezila wao.

Ukikwama usiku, piga 1195, ni bure. Kwa mtoto ni 116. Ziandike nyuma ya mlango, pale penye ratiba ya futari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.