Bao Huchezwa kwa Akili au kwa Elimu?



Wahenga wetu walinena, Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga hao hao wakanena tena, Elimu ni bahari. Mtu akiyaweka maneno haya mawili pamoja huona kama yanagombana kidogo. La kwanza humwambia kwamba alichonacho kichwani chamtosha. La pili humwambia kwamba hata akiogelea umri wake wote hatafika ng'ambo. Leo nataka kuyapatanisha maneno hayo, na jambo nitakalotumia kuwa mfano ni dogo, ambalo kwa watu wengi si kitu ila mchezo wa kupitishia jioni. Jambo hilo ni bao.

Nilikuwa Singida, katika majira yale ambayo mtama na uwele umekwisha ingizwa ghalani, alizeti imepurwa, na upepo wa kiangazi unavuma kutoka upande wa ziwa Singidani. Wakati huo watu wana nafasi. Chini ya mti mmoja, karibu na yale majabali makubwa ambayo kila mgeni wa Singida huyakumbuka, palikuwa na baraza ya wazee, na katikati ya baraza palikuwa na bao. Siku hiyo alikuja kijana mmoja aliyekuwa masomoni Dodoma. Alikuwa na daftari, na ndani yake ameandika kwa mwandiko mzuri kanuni zote za bao na mashauri aliyoyapata kwa wenzake. Akaamkia wazee kwa adabu, akaomba kucheza. Akafungwa. Akaomba tena, akafungwa upesi zaidi. Mara ya tatu hata sikuwahi kumaliza kikombe changu cha chai.

Mzee aliyemfunga akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, bao halina daftari. Bao ni akili ya mtu."

Kijana akalifunga daftari lake, akajibu kwa sauti ndogo, "Basi, babu, mimi sikujaliwa." Akaondoka.

Wazee wakaendelea na mchezo wao, lakini mimi nilibaki na fikira. Niliona kwamba kwa maneno yale machache mtu mmoja amefukuzwa katika mchezo wa babu zake, na aliyemfukuza hakukusudia kumfukuza. Nikajiuliza, je, ni kweli kwamba bao ni akili tu?

Kwa ajili ya wale wasiolijua, nieleze kwa ufupi. Bao lina mashimo 32, yaliyopangwa safu 4, kila safu mashimo 8. Kete zake ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele inayotazamana na adui, na ya nyuma iliyo karibu na kifua chake. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza kwa kuweka kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuume kwa nyumba. Zilizobaki, kete 22, hukaa ghalani, naye huziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Ghala ikiisha, mchezo huingia katika mtaji, yaani kila mtu hucheza kwa kete zilizomo mashimoni. Anayeishiwa na kete katika safu ya mbele amefungwa, na asiye na njia ya kucheza amefungwa vile vile.

Sasa tuitazame akili ya kawaida, ile ambayo kila mtu huja nayo kutoka nyumbani kwake. Ina kazi kubwa. Ndiyo inayomwambia mchezaji atazame kwanza kabla ya kugusa. Ndiyo inayomwonya asicheze kwa hasira. Ndiyo inayomkumbusha kwamba adui naye ana macho. Bila hiyo hakuna mchezo.

Walakini akili hiyo hudanganya pia. Katika bao la Kiswahili kete za safu ya nyuma haziliwi. Mchezaji mpya akisikia hivyo, akili yake humwambia, "Vema, nitaficha mali yangu yote nyuma." Ni shauri la busara, ndivyo afanyavyo mtu mwenye hazina. Akaficha, akaficha, hata safu yake ya mbele ikabaki na kete chache. Adui akazila hizo chache, na yule tajiri akafungwa huku safu yake ya nyuma imejaa tele. Tena, mchezaji mpya akiona njia mbili za kula, moja ya kete 7 na moja ya kete 2, akili yake humwambia ale 7. Huzila, huzipanda tangu kichwa, nazo hulala wazi mbele ya mashimo ya adui yaliyojaa. Zamu ya adui ikifika, hizo 7 zinarudi kwa mwenyewe, tena zimefuatana na nyingine. Mambo haya hayajulikani kwa kuwaza tu. Lazima mtu ayaone, na ayaone mara nyingi.

Elimu nayo ina hila yake. Yule kijana alikuwa ameandika katika daftari lake, "Usiivunje nyumba mapema." Hilo ni shauri zuri, kwa maana nyumba ni hazina, na mwenye nyumba ana hiari ya kulala pale au kuendelea na safari. Kijana akalishika neno hilo kama sheria. Nyumba yake ikajaa kete 6, ikawa 8, ikawa 11. Kila aliyesimama pale aliona kwamba mzee amekwisha kuielekea, isipokuwa mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akilitazama daftari wala halitazami bao. Mzee akaila nyumba yote kwa mara moja. Shauri lilikuwa la kweli, lakini saa yake ilikuwa imepita.

Jioni ile, watu walipoanza kutawanyika, nilimwuliza yule mzee, "Mzee wangu, wewe bao ulifundishwa na nani?"

Akajibu, "Sikufundishwa na mtu. Tulipokuwa watoto tukichunga ng'ombe tulichimba mashimo ardhini, tukacheza kwa vijiwe. Mjomba wangu alinifunga tangu mavuno mpaka mvua za kwanza."

"Na usiku ulikuwa ukifanya nini?"

Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nikilala macho, nikizirudisha kete moja moja, nipate kuona nilipokosea."

Nikamwambia, "Basi hiyo, mzee wangu, ndiyo elimu."

Akanyamaza. Nikaendelea, "Tena, babu zetu walituachia bao la namna nyingine, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo, wala hakuna kunamua. Jina lake ni bao la kujifunza. Ikiwa bao ni akili ya kuzaliwa, walilitunga la kujifunza kwa ajili gani?"

Mzee akacheka tena, lakini safari hii hakucheka kama mara ya kwanza. Akasema, "Kesho mwiteni yule kijana."

Kesho yake kijana alikuja, bila daftari. Wakacheza. Kijana alipokosea, mzee hakumfunga. Aliushika mkono wake, akasema, "Ngoja." Kisha akazirudisha kete zote, kila moja katika shimo lake, kama zilivyokuwa kabla ya zamu ile, ijapokuwa zilikuwa zimekwisha zunguka bao zaidi ya mara moja. Akamwuliza, "Hapa uliona nini?" Kijana akastaajabu mno, akadhani ni uganga.

Si uganga, wasikilizaji wangu, na jambo hili limechunguzwa katika mchezo mwingine, ulio ndugu wa bao kwa ugumu wake, nao ni sataranji. Mwaka 1946 mtaalamu wa Uholanzi, Adriaan de Groot, alitoa kitabu juu ya fikira za wachezaji wa sataranji. Aliwaonyesha watu mchezo uliofika katikati, kwa muda wa nukta chache tu, kisha akaufunika, akawaomba waupange upya. Mabingwa waliupanga karibu wote. Wachezaji dhaifu waliweza sehemu ndogo. Watu wakasema, kumbe bingwa ana kumbukumbu kubwa kuliko sisi. Lakini mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walijaribu tena kwa namna mbili. Walipoonyesha mchezo wa kweli, bingwa alishinda. Walipozitawanya kete za sataranji ovyo ovyo, bila maana yo yote, bingwa alikuwa karibu sawa na watu wengine.

Tazameni maana yake. Kumbukumbu ya bingwa haikuwa kubwa kuliko yetu kwa kuzaliwa. Yeye alikuwa amekwisha kuona michezo mingi sana, hata akiitazama sura moja huitambua mara moja, kama mchungaji anavyomtambua ng'ombe wake kwa mbali. Sisi huona kete moja moja. Yeye huona mambo matatu au manne anayoyajua. Naye, kwa kuwa huona upesi, hudhani kwamba anatumia akili ya kawaida tu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee wa Singida. Alikuwa msomi wa miaka mingi asiyejijua kuwa ni msomi.

Hata huko Ulaya neno hili limewahi kunenwa. Emanuel Lasker, Mjerumani, alikuwa bingwa wa sataranji wa dunia tangu mwaka 1894 hata 1921, yaani miaka 27. Mwaka 1895 alitoa hotuba London, na mwaka uliofuata zikapigwa chapa, na jina alilokipa kitabu chake lilihusu akili ya kawaida katika sataranji. Alitaka wachezaji wafuate sababu zilizo wazi, wasiwe watumwa wa kukariri. Alinena vema. Lakini tusisahau kwamba mwenye kunena hivyo alikuwa msomi wa hesabu, na kabla ya kunena alikuwa amecheza na wakubwa wa zama zake.

Na kwa jirani zetu wa Uganda tuna mfano mwingine. Katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, mwalimu Robert Katende aliwakusanya watoto maskini, akawafundisha sataranji na kuwapa uji. Kati yao alikuja msichana, Phiona Mutesi, ambaye wakati huo alikuwa haendi shule. Mwaka 2010 aliichezea nchi yake katika mashindano ya mataifa huko Urusi, na katika mashindano ya mwaka 2012, mjini Istanbul, alijipatia cheo cha ubingwa cha daraja ya kwanza kwa wanawake wanaoanza kupanda. Je, alikuwa na akili? Bila shaka. Lakini Katwe palikuwa na watoto wengi wenye akili kabla yake, na hakuna aliyesikia habari zao. Lililozidi kwake ni kwamba alipatikana mtu wa kukaa naye, na kumwonyesha, na kumngoja.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Akili na elimu hazigombani. Akili ni jembe, elimu ni kulima. Mwenye jembe asiyelima hana mavuno, na anayekwenda shambani bila jembe atarudi na vidole vyenye damu. Watu wa Singida, ambao mvua yao si nyingi, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mtu wa huko hawezi kupanda kwa kalenda peke yake bila kulitazama wingu. Wala hawezi kulitazama wingu akalielewa, kama hakuwahi kukaa na waliomtangulia.

Kwa hiyo ninayo maneno mawili. La kwanza ni kwa wazee wangu, nalo nalisema kwa heshima. Msiwaambie vijana kwamba bao ni akili tu. Mkisema hivyo mnajinyima sifa ya kazi yenu wenyewe, na mnamfanya kijana aamini kwamba aliyefungwa mara tatu hana la kufanya ila kwenda zake. Mrudishieni kete, mwulizeni aliona nini. Mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mafundi wa Unguja. Ikiwa mgeni aliona kwamba elimu hiyo yafaa kuandikwa, wajukuu wenu wastahili kuisikia kwa vinywa vyenu, maana mafundi wengine hawana kitabu, na siku wanapozikwa huzikwa na vyote walivyovijua.

La pili ni kwa vijana. Usiche kufungwa, wala usifungwe bure. Kila ukifungwa uliza sababu, na usiku uzirudishe kete kichwani mwako mpaka uone mahali ulipokosea. Daftari usilitupe, lakini ukikaa mbele ya bao, lifunge, ulitazame bao.

Yule kijana wa Singida, siku niliyoondoka, alikuwa bado anafungwa. Lakini alikuwa anafungwa jua likiwa limekwisha kutua, na wazee wamesimama kumzunguka kimya.

Kwa herini.