Mapokezi ya Kuku Mgeni



Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii twaitumia zaidi tunapozungumzia watu, lakini ilizaliwa uani, na uani ndiko ninakoirudisha leo. Mpaka sasa, mijini na vijijini, kuku aliyenunuliwa sokoni hufungwa kamba kwenye kigingi mbele ya banda, akatupiwa punje na kuwekewa maji mpaka aizoee nyumba. Kamba hiyo ina kazi yake, nami sikuja kuibeza: humzuia kuku asitoroke kabla hajajua anapolala. Hata hivyo, haizuii kinyesi chake kukanyagwa na wenyeji, wala kamasi zake kuingia katika kopo wanalonywea wote. Tena wenyeji wanapomjia kwa midomo, yeye peke yake ndiye asiyeweza kukimbia.

Kwa hiyo ninalowaomba wanunuzi ni muda. Baina ya siku mnayolipia kuku na siku mnayomfungulia mlango wa banda, zipite wiki kama 5: wiki 4 za kumtenga mbali, na wiki moja ya kumwonyesha kwa wenzake kupitia wavu. Najua muda huo huonekana mrefu kwa mtu aliyenunua kuku watatu tu. Lakini hebu tufuate njia aliyopita kuku huyo.

Kuku wa kienyeji anayeuzwa Dar es Salaam aghalabu ametoka mbali, pengine Singida, pengine Dodoma. Alikusanywa nyumba kwa nyumba, akatiwa katika tenga pamoja na kuku wa vijiji vingine, akasafiri usiku kucha, akashushwa sokoni karibu na matenga mengine. Hata kama alitoka kwao akiwa mzima, amekwisha kuvuta hewa ya kuku wasiojulikana idadi. Uchovu wa safari, kiu na njaa humpunguzia nguvu ya kupambana na maradhi. Mnunuzi humwona anasimama, macho yameng'aa, akaridhika. Macho hayo hayasemi chochote juu ya ugonjwa ulioingia mwilini jana.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaotisha zaidi. Tangu virusi kuingia mwilini hadi dalili kuonekana hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache, na hauna tiba. Hapo ndipo familia inapopoteza mayai ya watoto, kitoweo cha sikukuu na akiba ya dharura kwa sababu ya tetea mmoja aliyekuwa na bei nzuri.

Chanjo ipo, nayo si ghali. Ile iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia na ambayo hutengenezwa pia Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na kuku hupewa tone moja katika jicho moja, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi 3 au 4. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kinga huhitaji kama wiki 2 kujijenga, na kwamba chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Hivyo wachanjeni kuku wenu wa nyumbani angalau wiki 2 kabla ya kwenda sokoni. Na kwa kuwa chupa moja ina dozi nyingi kupita mahitaji ya mwenye kuku sita, majirani washirikiane siku moja. Gharama hupungua, na mtaa mzima huwa salama zaidi.

Sasa tuje kwenye kutenga. Mahali pazuri kuliko pote ni kwa ndugu au rafiki asiyefuga kuku kabisa. Pasipopatikana, tafuteni kona ya kiwanja iliyo mbali na banda kadiri inavyowezekana, mahali ambapo upepo hautoki kwa mgeni kwenda kwa wenyeji. Wahudumieni wenyeji kwanza, mgeni baadaye, kila siku bila kubadili mpangilio huo. Mgeni awe na kopo lake, sahani yake na fagio lake. Anayemhudumia awe na kandambili za huko tu, na anawe mikono kwa sabuni. Mimi naona kandambili hizo ni muhimu kuliko dawa nyingi zinazonunuliwa madukani, maana watoto wa nyumbani huingia na kutoka mabanda yote mawili kwa viatu vilevile, na hakuna anayewaona.

Katika wiki hizo 4 mchunguzeni. Mwinueni, mpulizeni manyoya chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya kutolea kinyesi, mtazame kama kuna chawa au utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu, kwa hiyo uchunguzi wa mchana peke yake hautoshi. Pitisheni kitambaa cheupe chini ya kichanja asubuhi, muone kama kitatoka na madoa ya damu. Sikilizeni pumzi zake wakati wa usiku kundi likiwa kimya. Dawa ya minyoo apewe sasa, akiwa peke yake, kwa ushauri wa ofisa mifugo wa kata.

Kuna kuku ambaye karantini haimfichui. Aliyewahi kuugua mafua makali ya kuku, au homa ya matumbo ya kuku, huweza kupona, akanenepa, akataga, huku bado amebeba vijidudu na kuvitoa kwa wenzake. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulizeni kuku wametoka wapi, wamechanjwa nini na lini, na kama wamewahi kupewa dawa ya ugonjwa wowote. Mfugaji anayeweza kuwaonyesha kadi ya chanjo na banda lenyewe anastahili kulipwa zaidi ya yule mwenye tenga la mchanganyiko. Kama mwaweza kusubiri, nunueni kwake.

Na hatari haitoki upande mmoja. Kundi la nyumbani nalo lina vijidudu vyake lililovizoea, ambavyo mitetea waliokulia katika banda safi la kibiashara hawajapata kukutana navyo. Wafugaji waangalifu, wiki ya mwisho ya kutenga, humchukua kuku mmoja wa nyumbani asiye na thamani kubwa na kumweka pamoja na wageni. Akiugua yeye au wakiugua wao, tatizo limejulikana kabla ya kundi zima kuhusika. Kuku huyo asirudishwe bandani mpaka wote watakapoingia.

Mgeni akiwa mzima baada ya wiki 4, bado ana kazi ya kukubalika. Mwaka 1922 mtaalamu wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utotoni, alichapisha maelezo yake kwamba katika kila kundi kuku hujuana nani amdonoe nani. Kila bibi mwenye kuku alikuwa akiliona jambo hilo bila kuliandika. Kuku mpya huvuruga mpangilio huo, na kila mwenyeji hutaka kuhakikisha kwamba mgeni yupo chini yake. Kudonoana kidogo, kufukuzana na kusimamisha manyoya ya shingo ni mambo ya kawaida, nanyi msiyaingilie. Damu ikitoka, ingilieni mara moja. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na kidonda kidogo huweza kuchimbwa mpaka aliyejeruhiwa afe.

Wavu wa wiki moja hupunguza sana vita hivyo. Wagawieni sehemu ya banda, waonane na kula wakitazamana bila kugusana. Msiingize kuku mmoja pekee kama mwaweza kuingiza wawili au watatu, ili midomo ya wenyeji igawanyike. Wala msiingize kifaranga au tetea mdogo kati ya kuku wakubwa. Siku ya kuondoa wavu, wengi huwapandisha wageni kichanjani usiku, wenyeji wakiwa wamelala. Ni njia nzuri, ila haifai kwa mtu atakayeamka saa 3 asubuhi. Ugomvi huanza alfajiri, kuku wakiwa wamefungiwa mahali padogo, hivyo muwepo kukipambazuka, na mfungue mlango mapema.

Wekeni vyombo vya chakula na maji mahali pawili au patatu palipoachana, kwa sababu mwenyeji mkorofi hawezi kulinda vyote kwa wakati mmoja. Egemezeni ubao ukutani, lazeni tenga kuukuu, ili anayefukuzwa apate pa kujificha penye njia mbili za kutokea. Ningiʼnizeni fungu la mchicha wapate shughuli nyingine. Mara nyingi kwa siku chache hadi wiki mbili kundi hutulia.

Kama wageni hawajaanza kutaga, msiwape chakula cha kuku wa mayai. Chokaa yake ni nyingi, nayo hudhuru figo za kuku ambaye bado anakua. Wapeni wote chakula cha kukuzia, na chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa yawekwe kando, wanaotaga wayafuate wenyewe.

Limebaki suala la mayai, ambalo huleta malalamiko mengi. Kuku aliyekuwa akitaga kwa muuzaji huweza kusimama kwa wiki kadhaa baada ya kuhamishwa, na hata wenyeji huweza kupunguza kwa muda. Hilo si ushahidi wa kudanganywa. Kudanganywa ni pale mnunuzi alipoambiwa kuku ni mchanga naye ni mzee, au amechanjwa ilhali hajachanjwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, lakini maneno yaliyosemwa juu ya tenga ni vigumu kuyathibitisha. Ombeni risiti yenye tarehe, jina la muuzaji, idadi, umri na chanjo alizosema wamepata, hata kama ni kuku wawili. Ikiwa risiti imeandikwa mitetea wa wiki 16, na mwezi unaofuata mmoja wao akawika, mnunuzi atakuwa na karatasi ya kuonyesha.