Samaki Akiugua, Tibu Maji Kwanza

(Mazungumzo ya mfugaji mmoja wa samaki katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

 

Nimeombwa niseme juu ya magonjwa ya samaki. Mimi si daktari. Ni mkulima kama ninyi, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kupata hasara. Kwa hiyo nitaanza na hasara, halafu nije kwenye dawa.

Kikundi chetu kilipata kidimbwi katika ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka wa 2009. Ni kidimbwi cha mita mraba 300, na tulitia vifaranga 1,000 vya tilapia. Baadaye tukaongeza kambare wachache wapunguze vitoto, maana mnajua tilapia huzaana mpaka kidimbwi kinajaa samaki wa ukubwa wa kidole. Mwezi wa saba tangu tuanze, samaki walikuwa wanapita kiganja. Kila mwanakikundi ameshapiga hesabu yake: huyu karo, yule mabati.

Asubuhi moja tukakuta samaki wanaelea, matumbo juu. Tulijaza karai baada ya karai. Na wengi walikuwa wale wakubwa.

Basi, mtu akipata hasara hutafuta wa kulaumu. Jirani ya kidimbwi anakaa mama mmoja mzee, na tulikuwa tumegombana naye juu ya mfereji wa maji. Jua halijapanda vizuri, mtu akasema, "Ni yeye. Ametia sumu." Mimi ndimi niliyekuwa mweka hazina, na sikunyamaza. Niliitikia kwa sauti. Neno lile lilifika sokoni kabla hatujamaliza kuzika samaki.

Kesho yake afisa wa samaki alifika alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Aliwakuta waliobaki wako juu ya maji, midomo wazi. Akatuuliza maswali matatu tu. Kambare wamekufa? Hapana, wote wazima. Waliokufa ni wadogo au wakubwa? Wengi ni wakubwa. Vyura je? Usiku kucha wanalia kama kawaida. Akatuambia, "Sumu ya kuua tilapia wote hawa ingewagusa kambare na vyura pia. Samaki wenu wamekosa hewa."

Akatueleza. Kambare akikosa hewa ndani ya maji, anakuja juu na kuvuta hewa hii yetu, kwa maana ana kiungo cha kazi hiyo. Tilapia hana. Na samaki mkubwa anahitaji hewa nyingi kuliko mdogo, ndiyo sababu yeye hutangulia kufa.

Sasa ni nani aliyemaliza hewa? Ni sisi wenyewe. Tulikuwa tumetupa samadi nyingi na pumba nyingi tukitaka samaki wanenepe upesi. Maji yakawa kijani kama rangi ya mlango. Ule ukijani ni mimea midogo sana. Mchana, jua likiwaka, inatoa hewa. Usiku inavuta hewa ile ile, na samadi inayooza nayo inavuta. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu mazito. Mama wa watu alikuwa amelala kwake.

Tangu siku hiyo tuna msemo kikundini: samaki akiugua, tibu maji kwanza.

Mtapima maji namna gani

Hakuna haja ya mashine. Ingiza mkono kwenye maji, kiganja kimekunjwa kikitazama juu. Ukiacha kuona kiganja maji yakiwa karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea maji yakiwa hapa kwenye kifundo tu, na ni kijani, mbolea imezidi. Ukiona kiganja hata maji yakipita kiwiko, chakula cha asili ni kidogo. Lakini kama maji ni ya matope kipimo hiki hakikusaidii, kwa sababu utakuwa unapima udongo.

Ukikuta samaki wanahema juu ya maji alfajiri, fanya hivi mara moja. Simamisha chakula na samadi. Fungulia maji mapya, na uyaache yaanguke kutoka juu, yapige jiwe au bati lenye matundu, ndipo yabebe hewa. Kama una bomba la chini, toa maji ya chini kwa sababu ndiyo mabaya. Kama huna mfereji, vijana waingie na ndoo, wachote na kumwaga kwa kishindo mpaka jua lipande. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa.

Samaki mwenye jeraha

Sasa tuje kwa majeraha. Samaki huumia kwa wavu, kwa mdomo wa korongo na mdiria, na kwa kugombana. Mwili wake una ute. Ule ute ndio ngozi yake ya kumkinga. Ukimshika na mikono mikavu, au ukimwacha aruke-ruke kwenye nyasi, unautoa, na ugonjwa unapata mlango. Baada ya siku chache utaona kitu cheupe kama pamba kimeota pale. Hiyo ni kuvu. Au utaona doa jekundu, au mapezi yanaliwa pole pole.

Dawa yake ya kwanza iko jikoni: chumvi. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, uijaze maji ya kidimbwi kile kile. Tia gramu 200 za chumvi, yaani kile kipakiti kidogo cha dukani. Koroga mpaka iyeyuke yote, ndipo uingize samaki, wachache tu kwa mara moja. Fanya asubuhi, kivulini. Waache dakika 10, wasizidi 20, na usiondoke pale. Samaki akilala ubavu, mtoe papo hapo, hata kama ni dakika ya pili. Ukimaliza, waweke kwenye pipa la maji safi au kizimba cha wavu ndani ya maji mazuri, uwatazame siku kadhaa. Kama ni pipa, badilisha theluthi moja ya maji kila siku.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisimwage chumvi kidimbwini moja kwa moja? Hebu tupige hesabu. Kidimbwi cha mita mraba 300 chenye kina cha mita moja kina lita 300,000. Hata ukitia gramu moja tu kwa kila lita, utahitaji kilo 300, yaani magunia sita ya kilo 50. Utafilisi kikundi, na maji yakitoka yataharibu shamba la jirani. Chumvi ni ya ndoo.

Na si kila samaki atapona. Aliyevimba tumbo, macho yametokeza, au ana vidonda vilivyofika nyamani, mtoe. Mpige kichwani mara moja asiteseke, umzike mbali na maji na umfunike kwa chokaa. Usimtupe mtoni, maana kuna wenzetu wa chini wanaofuga. Na samaki uliyemkuta amekufa asiuzwe wala asiliwe.

Dawa tusizozitaka

Hapa nawasihi. Nimeona mtu akifungua vidonge vya binadamu na kumwaga unga wake kidimbwini. Hajui kipimo, hajui ugonjwa. Dawa inabaki ndani ya nyama na watoto wetu wanaila, na vijidudu vinaizoea mpaka siku mtoto akiugua kweli haimsaidii. Kama kuna haja ya dawa ya namna hiyo, aseme afisa wa samaki au daktari wa mifugo.

Mwingine anaona chawa wa samaki, anakimbilia dawa ya kupe. Jamani! Dawa nyingi za kupe na za wadudu wa shambani zinaua samaki hata zikiwa kidogo sana. Hata ile bomba ya kunyunyizia ng'ombe, usiioshee karibu na kidimbwi wala juu ya mfereji unaoingia.

Kinga ni bora

Vifaranga wapya wakija, wasichanganywe na wa zamani siku ile ile. Wakae peke yao kama wiki mbili. Ukivua kwa wavu, vua asubuhi na mapema, lowesha mikono, na usiwape chakula siku inayotangulia. Pumba yenye ukungu itupwe. Mkishavua wote, kausheni kidimbwi mpaka matope yapasuke. Na kama udongo wenu una tindikali, tandazeni chokaa ya shambani kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100, kisha ndipo mjaze maji tena. Na muwe na daftari: nani alilisha, kiasi gani, samaki wangapi wamekufa. Daftari lingetuonyesha sisi samadi imezidi, kabla ya kufikia kutaja jina la mtu.

Na hapo ndipo nataka kumalizia. Tulipoambiwa ukweli, kikundi kilinituma mimi niende kwa yule mama, kwa sababu mimi ndiye nilipaza sauti. Nilikwenda na wazee wawili wa kanisa. Nilimwomba msamaha mbele yao. Alisikiliza, akasema, "Umeniomba hapa nyumbani. Lakini mlinisema sokoni." Alikuwa na haki. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani baada ya matangazo, nikasema wazi kwamba tuliua samaki wetu kwa mikono yetu, na kwamba tulimsingizia jirani. Zilikuwa dakika mbili ndefu.

Alitusamehe, ingawa haikuwa siku hiyo. Samaki tulitia wengine, na mwaka uliofuata tukavua. Lakini jina la mtu likishachafuliwa halina ndoo ya chumvi.

Kwa hiyo wapendwa, ukikuta samaki wamekufa, kabla hujatazama boma la jirani, kunja mkono wa shati na uingize kwenye maji. Anza kupima hapo.

 Nafikiri mwenyekiti ataruhusu maswali.