Nafasi za Watoto Wetu Katika Shule za Msingi
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya Kamati ya Elimu



Tumeagizwa kusema juu ya jambo linalowanyima wazazi usingizi kila mwaka unapokaribia kwisha, nalo ni kumtafutia mtoto nafasi katika shule ya msingi. Wengi wenu mmetujia na swali moja tu: "Mnamjua nani katika shule ile?" Twasikitika kwamba swali hilo limekuwa la kwanza.

Wazee walio hapa wanajua kuwa mashindano haya si mapya. Kabla ya Uhuru wa 1963 shule zilitengwa kwa rangi, na kwa mpango uliofuata Ripoti ya Beecher ya 1949 mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, kisha akakutana na mtihani wa kumchuja. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, na kwa wengi huo ndio ukawa mwisho wa kushika kalamu. Mwaka 1974 Serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, lakini michango ya majengo ikaja mahali pake, na mzazi maskini akajikuta pale pale. Januari 2003 karo iliondolewa tena, safari hii katika madarasa yote manane. Hesabu ya watoto shuleni ikapanda kutoka kadiri ya milioni 5.9 hadi kadiri ya milioni 7.2. Hapa Nairobi, Shule ya Olympic kule Kibera, iliyosifiwa kwa matokeo mema, ilizongwa na wazazi. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Twamtaja kwa sababu mlango ulifunguliwa kweli kweli, hata mzee akapita.

Mbona basi wazazi wangali na hofu? Ni kwa sababu wanachotafuta si nafasi tu, bali nafasi katika shule fulani. Shule mbili zaweza kuwa umbali wa mwendo wa dakika kumi, moja ina madawati, vyoo safi na walimu wa kutosha, na katika nyingine watoto wanne wanabanana katika dawati moja. Wako wanaosema wazazi wa siku hizi wana majivuno. Sisi hatukubaliani nao. Mzazi ameona kwa macho yake, na hofu yake ina msingi. Mtihani wa KCPE, uliozipa shule majina kwa miaka mingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini majina yale hayakufutika. Tena tangu Januari 2023 madarasa ya shule ya sekondari ya chini yamewekwa katika viwanja vya shule za msingi, na vyumba vilivyokuwa haba vikazidi kuwa haba.

Twaogopa zaidi mambo yanayofanyika kwa ajili ya hofu hiyo. Mtoto wa miaka mitano anaamshwa alfajiri, afundishwe kujibu maswali ya watu asiowajua. Mama mmoja mwanachama wetu alitueleza kwamba mtoto wake aliulizwa jina lake katika shule moja akanyamaza, akaulizwa tena akanyamaza, nao wakaambiwa waende. Mtoto huyo nyumbani hanyamazi hata akilala! Wengine wanatoa chai, na kila mwaka kikombe chazidi kuwa kikubwa.

Yafaa kila mwanachama ajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani waweza kufanywa tu ili ijulikane atiwe darasa lipi. Kifungu hicho chakataza pia kumbagua mtoto kwa kabila, dini au ulemavu. Shule za watu binafsi hatuzizungumzii leo. Lakini mwanachama akikataliwa katika shule ya umma, na aombe jawabu kwa maandishi. Mara nyingi karatasi ikitajwa, maneno hubadilika.

Sasa twafika penye ubishi. Baadhi ya wanachama wameomba Mfuko wa Elimu uwakopeshe fedha za kuwatayarisha watoto kwa maswali hayo, na, tuseme wazi, fedha za chai. Kamati imekataa. Chai ya mmoja humtoa mtoto wa mwingine, na huyo mwingine ameketi papa hapa katika mkutano huu. Tutakuwa tumechanga sote ili tushindane wenyewe kwa wenyewe, na atakayenufaika ni mpokeaji.

Tunaona ni heri fedha hizo zifanye kazi mbili. Kwanza, kuwasaidia wanachama kupata vyeti vya kuzaliwa vya watoto mapema, kwa maana wengi hukwama hapo, hasa ambao watoto wao walizaliwa mashambani au majina yao yameandikwa kwa namna mbili. Pili, kununua madawati ya shule iliyo karibu nasi, ile ambayo kila mmoja wetu anaikimbia. Sheria yawapa wazazi viti sita katika halmashauri ya shule. Wenye watoto pale na wasimame wachaguliwe, ili madawati hayo yawe na wa kuyaangalia.

Mzee mmoja wa Kamati alituuliza: "Na mjukuu wangu wa Januari hii, asubiri madawati?" Hatuna jawabu tamu. Mjukuu huyo ataingia darasa lililojaa, na huenda akasoma mwaka mzima kabla dawati la kwanza halijafika. Jambo hili lilituumiza, na mjumbe mmoja alipinga shauri letu kwa sababu hiyo. Hatukumlaumu.

Bwana Mwenyekiti, hoja ni kwamba Mfuko wa Elimu usitoe mkopo wowote kwa ajili ya kutafuta nafasi ya shule, na fedha zilizopo zitumiwe kwa vyeti na madawati. Twaomba wanaokubali wanyoshe mikono, na wasiokubali waeleze sababu zao, ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano.