LESENI KWANZA, GARI BAADAYE
(Hotuba ya Mweka Hazina katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Miaka 10 ya kuweka akiba si mchezo. Haba na haba imejaza kibaba, na sasa kuna wazo kwamba kibaba hiki kinunue matatu ya abiria 14. Mimi silipingi wazo hilo. Lakini nitasema wazi habari za leseni, maana pesa hizi ni jasho la mama mboga na la mjane, si za mtu mmoja.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya kazi hiyo. Wako ambao mpaka leo wanafikiri ukipata gari na dereva, basi, umemaliza. Hapana! Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilileta mikanda, sare, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Sheria ya mwaka 2012 ikaunda mamlaka ya NTSA. Kisha kanuni za mwaka 2014 zikaweka sharti kwamba leseni ipitie kwa Sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hivyo sisi wenye gari moja hatuwezi kwenda peke yetu.

Sasa tuhesabu pamoja. Kitabu cha gari kiwe na jina tulilokubaliana sote, kwa sababu mwenye jina ndiye anayeitwa kukiwa na kesi. Gari likaguliwe kila mwaka. Bima iwe ya gari la abiria. Tukikata ile ya gari la nyumbani kwa kuwa ni rahisi, siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na deni likaturudia sisi. Dereva na kondakta nao wawe na vibali vyao vya kazi ya abiria. Kimoja kikikosekana, gari linalala kituo cha polisi, na mkopo haulali.

Jambo la pili ni Sacco yenyewe. Sacco ikisimamishwa kwa makosa ya wenzetu, gari letu nalo linasimama, hata kama dereva wetu ni malaika. Basi tusichague ile yenye ada ndogo tu. Tuulize: je, madereva wao wana mikataba? Mara ya mwisho walisimamishwa lini, na kwa nini?

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Jamani, leseni huvunjwa barabarani, lakini mara nyingi huanza kuvunjwa nyumbani, kwa mwenye gari. Tukimwambia dereva alete hesabu ambayo haipatikani kwa abiria 14 na mwendo wa kilomita 80, tumemtuma akimbize gari na kujaza watu. Na wanaojazwa ni nani? Si ni watoto wetu wakienda shule, na sisi wenyewe na vikapu vyetu vya sokoni? Hatuwezi kuwa abiria wanaolalamika asubuhi, halafu jioni tukawa wenye gari wanaosukuma.

Kwa hayo naomba tusilipe hata shilingi ya kwanza ya gari kabla ya kufanya mambo matatu: tuichague Sacco, tutenge mfuko wa bima na ukaguzi usioguswa, na tupange hesabu kwa safari halali, tukiacha siku za gareji. Ikiwa baada ya hapo faida bado ipo, tununue kwa furaha. Ikiwa haipo, akiba yetu iko salama, na hilo pia ni faida.

Heri kuziba ufa kuliko kujenga ukuta.