Nani Atampokea Mama Zamu?

Msikilizaji, kuna uvimbe wa taya unaowapata watoto wetu, hasa huku kandokando ya Ziwa Victoria. Hukua haraka mno. Mama anadhani ni jino, na baada ya wiki chache shavu limefura na meno yamelegea. Mwaka 1958, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliuandikia makala ya kitabibu, na saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Nimeanza na uvimbe huu kwa sababu ya tabia yake moja: ukipata dawa, hunywea upesi. Baada ya dozi za mwanzo tu, uso wa mtoto unaweza kurudi ulivyokuwa. Anakula, anacheza. Lakini hajapona. Dozi zilizobaki ndizo zitakazouzuia ugonjwa usirudi.

Hapo ndipo simu za nyumbani huanza.

Chukua mama aliyetoka Ukerewe, akavuka ziwa na mwanawe hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Wengine wawili amewaacha kwa bibi yao. Mvua zimenyesha na shamba halijapaliliwa. Meza yake ya dagaa pale sokoni imefungwa, mtaji umeishia kwenye nauli na chakula. Mumewe anauliza: si mmesema uvimbe umeisha, mnangoja nini huko? Wifi anasema huo ni mkono wa mtu, mtoto arudishwe atafutiwe mganga. Mama anamtazama mtoto anayecheka kitandani, anafunga mzigo, anarudi kisiwani. Uvimbe nao unarudi, na safari hii dawa haziusumbui kama mwanzo.

Tukisikia habari kama hiyo, wengi wetu husema hana elimu. Mimi sikubali. Mama huyo amepiga hesabu ya watoto watatu kwa mfuko mmoja mtupu, wala hakuna aliyekaa naye kuipiga upya.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, lakini katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Kuchelewa kuugundua ugonjwa na uhaba wa dawa ni sababu kubwa. Kuacha matibabu njiani nako kumo, na huko hakutibiwi kwa dripu.

Kazi ya mama wodini tunaichukulia kama kukaa tu. Yeye ndiye anayejua mtoto ametapika mara ngapi. Vidonda vya mdomo vikimzuia kula, yeye ndiye anayembembeleza kijiko kwa kijiko. Dawa zikishusha kinga ya mwili, homa ndogo inaweza kuwa ya hatari, kwa hiyo usiku kucha anampapasa paji la uso. Asubuhi anaambiwa atafute ndugu wa kuchangia damu, katika mji ambako hamjui mtu. Tukienda kumwona, tunamwambia: jikaze, mama, Mungu atakupa nguvu. Anajikaza, kwa miezi. Lakini hata nesi ana mwenzake wa kumpokea zamu.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya malipo isiyopungua siku 4 mzazi anapouguliwa au kufiwa na mtoto. Lakini saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Mwajiri mwenye moyo anaweza kutoa zaidi ya hapo, naye namwomba atoe. Mkulima na mchuuzi, ambao ndio wengi, likizo yao ni jirani. Wanakikundi wenzake mama huyo katika kikoba wanaweza kusimamisha marejesho yake, wakampalilia shamba kwa siku moja, wakamtumia nauli ya kurudi kliniki. Misiba tunaipangia kamati na daftari la michango siku hiyohiyo. Mtoto aliye hai, anayeweza kupona, anastahili daftari hilo mapema zaidi.

Na akina baba. Wapo wanaokimbia, na hao wanajijua. Lakini wapo pia wanaofika na kuishia mlangoni, kwa kuwa katika wodi nyingi za watoto anayeruhusiwa kulala na mgonjwa ni mwanamke. Sababu inaeleweka: akina mama wamejaa, wengine wananyonyesha, nafasi hakuna. Hata hivyo, mchana ni mrefu. Uongozi wa hospitali ukimfundisha baba kupima homa na kumlisha mtoto mwenye vidonda, ukampa saa zake za kukaa kitandani pale, mama atapata kulala, kuoga, na kupiga simu kwa wale wawili waliobaki kwa bibi. Wodi inayotaka kuanza utaratibu huo haina haja ya kungoja bajeti mpya.