Maradhi ya Kuja na Kuondoka

Ndugu msikilizaji, yuko mgonjwa mmoja ambaye humsumbua kila tabibu. Ni yule ambaye homa humpanda usiku, lakini asubuhi akifika zahanati ameshapoa na anataniana na wauguzi. Leo nataka tuzungumze juu ya mgonjwa wa namna hiyo, ila huyu wangu alikuwa na magurudumu manne na kinywaji chake kilikuwa dizeli.

Mwaka 2017 nilikuwa nikikaa Temeke, na kila Jumamosi nikienda Kisarawe kuangalia shamba kwa pikapu yangu kuukuu. Siku moja, nikipanda vilima vya Pugu, gari likaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, halivuti. Nikashuka gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, na mwishowe injini ikazimika. Nikakaa pembeni ya barabara kama dakika kumi nikifikiri nimpigie nani simu. Nilipojaribu kuwasha tena, likawaka na kupanda mlima kana kwamba halikuwa na neno lolote.

Nililipeleka kwa fundi. Akalizungusha mtaani mara mbili, akasema, "Bosi, gari zima hili." Nami, kwa kuwa ndilo jibu nililolitaka, nikaamini.

Haikupita wiki tatu, jirani akanigongea usiku wa manane. Mtoto wake alikuwa na degedege. Tukampakia yeye na mama yake, nikakimbiza gari kuelekea hospitali. Tulipofika Barabara ya Mandela, nguvu zikakata, na injini ikazima. Nilijua la kufanya ni kungoja tu, nikangoja. Katika dakika zile mama yule hakusema neno. Alikuwa akimpepea mwanawe kwa kanga na kuniangalia. Namshukuru Mungu tulifika, na mtoto akapona. Lakini macho yale sikuyasahau, na kesho yake nikaapa kuwa gari lile litatibiwa kwa gharama yoyote ile.

Na gharama ilikuja kweli. Fundi wa kwanza alisema ni noseli, tukanunua noseli. Wa pili akasema ni pampu, ikafunguliwa na kupelekwa kutengenezwa. Wa tatu akatikisa kichwa, akasema injini imechoka, inataka ovahoo. Kufikia hapo ada ya shule ya binti yangu ilikuwa imeshaliwa, na gari bado likizima kila lilipotaka. Watu watatu walikuwa wamebadilisha au kushauri kubadilisha vipuri, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali.

Aliyeniuliza alikuwa kijana wa gereji bubu, chini ya mwarobaini, hatua chache tu kutoka nyumbani. Nilikuwa nikimpita kila siku na kumdharau, maana hakuwa na kibao wala ovaroli. Aliniuliza: "Mzee, linakata likiwa limepoa au likishatembea? Linatoa moshi wa rangi gani? Ukilizima na kungoja, linarudi lenyewe?" Nikamjibu kwamba hukata likishatembea, moshi hakuna, na nikingoja hurudi lenyewe.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mwenye gari la dizeli angefaa kulijua. Injini hii, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Hubana hewa mpaka ikawa ya moto mkali, kisha dizeli hupulizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji vitu vitatu: hewa, mafuta na mbano. Mbano ukipungua kwa uchakavu, injini huwa dhaifu kila siku, na asubuhi huwa ngumu kuwaka. Uzee hauji Jumamosi ukaondoka Jumapili. Hewa ikiwa haba, gari hutoa moshi mweusi. Lakini gari linalokata nguvu bila moshi, kisha likapona kwa kupumzishwa, mara nyingi linalia njaa: mafuta hayafiki.

Hakunituma dukani. Alichukua dumu la dizeli safi, akalifunga imara, akaunganisha mipira yake ili injini inywe kutoka dumuni badala ya tenki. Tukapanda Pugu. Tukarudi. Tukapanda tena. Gari halikukata hata mara moja. "Mzee," akasema, "injini yako haiumwi. Ugonjwa uko ndani ya tenki."

Wakati wote huo mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba mkosaji ni kituo cha mafuta, wanachanganya dizeli na mafuta ya taa. Mchezo huo ulikuwapo kweli nchini, na ndiyo moja ya sababu EWURA ilianza kusimamia uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa tamaa ya kuchanganya. Lakini safari hii nilimsingizia asiyehusika.

Tenki liliposhushwa, kijana alitoa humo kipande cha mfuko wa nailoni. Injini ikivuta mafuta, kipande kile kilikuwa kikivutwa nacho na kuziba mdomo wa bomba. Ikizimika, kinaachia na kuelea zake. Basi! Na nani alikitia humo? Ni mimi mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilipoteza mfuniko wa tenki, nikaziba kwa tambara na mfuko wa nailoni, nikisema nitanunua mfuniko kesho. Nyani haoni kundule.

Alinitoza shilingi elfu thelathini, na akanituma kununua mfuniko.

Ndugu msikilizaji, sisemi mafundi wetu hawajui kazi. Nasema kubadilisha kipuri si kupima ugonjwa. Mpeleke gari lako kwa anayeuliza kabla ya kufungua, na anayeanza na jambo la bei ndogo kabla ya kubwa. Nawe mwenye gari, andika: limekata saa ngapi, mlimani au tambarare, moshi gani. Na ukiulizwa, sema kweli hata kama inakuaibisha. Mimi ningetaja lile tambara siku ya kwanza, mama yule asingekaa gizani akimpepea mwanawe.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.